Prefe Asiyesalimia na Rele ya Karuba

Prefe hakusalimia watu. Ukikutana naye njiani ukamwambia bonjour, alikuangalia miguuni kama mtu anayetaka kujua ikiwa umefunga viatu vizuri, kisha akasema "Pita," akaendelea na safari yake. Siku mkaguzi wa shule alipofika kutoka Goma, tai shingoni na mkono mbele, Prefe alimwambia "Pita" kama sisi wote, na mkaguzi, maskini, akapita.

Lakini salamu za wengine alizidai. Miaka yote aliyoongoza shule yetu ya sekondari pale Bihambwe, alisimama mlangoni kila asubuhi, na hakuna mwanafunzi aliyeingia bila kusema bonjour kwa sauti inayofika. Isipofika alisema: "Sikusikia. Rudia." Yangu haikufika hata siku moja. Mimi ni mtu wa aina hiyo; neno linanifikia kwenye meno halafu linageuka, linarudi lilikotoka. Nadhani mtu niliyemsemesha mara nyingi kuliko wote katika maisha yangu ni yeye, na sikumwambia kitu kingine ila bonjour, bonjour, bonjour, huku wenzangu nyuma yangu wakicheka. Njo maana naandika. Karatasi haijawahi kuniambia nirudie.

Kaka yangu alimjua kwa upande mwingine. Prefe alimfukuza shule kwa sababu ya kuchelewa. Kaka alikuwa anakamua ng'ombe za watu mbele ya masomo, na ng'ombe hawasikii kengele. Prefe alisikiliza maelezo hayo yote mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, halafu akasema ng'ombe ana ruhusa ya kuchelewa kwa kuwa hajaandikishwa shuleni. Toka siku ile Kaka anabeba maziwa kwa pikipiki, na ukimtajia Prefe anatema mate pembeni.

Basi Prefe alipoenda retreti, yaani alipostaafu, akarudi kwao Karuba, Bihambwe nzima ilipumua. Tulidhani amekwenda kupumzika. Kumbe alikuwa amekwenda kutafuta mlango mkubwa zaidi.

Mlango wenyewe ni rele. Niieleze kidogo, maana hata Koko, nyanya yangu, alifikiri kwa muda mrefu kwamba ni aina ya redio. Watu wa mradi fulani walileta mashini tatu ndogo: moja kwenye shule yetu, moja kwenye parokia ya Karuba, na moja kule Walikale, Buleusa, kwenye kituo cha afya ambako Mama ni muganga. Kila mashini ni seva, yaani nyumba ya mazungumzo ya watu wa mahali pale: unaandika habari yako, unaweka picha, majirani wanasoma kwenye simu zao. Hakuna tajiri wa mbali anayeimiliki. Ila nyumba ndogo ikikaa peke yake inajiongelesha. Kwa hiyo katikati panawekwa rele. Kila seva inaiambia rele neno mara moja, na rele inalirudia kwa seva zingine zote. Kwetu mambo yalipangwa hivyo: seva zetu tatu haziongei zenyewe kwa zenyewe, zinapitia kwa rele tu. Na rele alikabidhiwa Prefe, kwa sababu alikuwa na muda, alikuwa na Kifaransa cha kutosha kusoma maelekezo, na dada yake alikuwa na chumba baridi.

Chumba hicho ni cha kukomazia fromaje, jibini ya kwetu. Ukiingia unaona mbao kutoka chini mpaka juu, na fromaje za duara zimelala kama watoto wa internati bwenini, na kwenye ubao wa chini kabisa, kati ya fromaje na fromaje, mashini ya rele inapuliza hewa ya uvuguvugu. Zile zilizokaa karibu nayo zilikomaa haraka na kunuka zaidi. Wanunuzi wakaanza kuziomba kwa jina: "Nipatie ile ya rele." Dada yake alikuwa mtu pekee aliyepata faida ya wazi kutokana na teknolojia hiyo.

Prefe alikuwa na misemo yake. Wa kwanza: "Rele haina tumbo." Alikuwa anawaambia waliokuja kumwomba picha ya harusi iliyopita zamani, wakidhani mashini imeiweka mahali. "Fromaje njo inakaa," alisema akiigonga moja kwa kidole. "Neno inapita. Nenda uombe kule ilitokea." Wa pili aliutamka polepole, kama mtu anayefanya ishara ya msalaba: "Rele haiongezi neno, haipunguzi neno." Mwalimu mmoja kijana wa shule yetu aliandika maneno matamu kwa binti wa Karuba akifikiri yanakwenda kwa yule binti tu, kumbe ameyaweka wazi kwa wote. Alikimbia mpaka Karuba, jasho mpaka kwenye soksi.

"Prefe, uyasimamishe."

"Yalisha kufika."

"Ata Buleusa?"

"Buleusa njo walisoma wa kwanza. Kule iko mama mumoja alijibu asema mahari ianzie mbuzi kumi."

"Sasa nifanye aje?"

"Utafute mbuzi."

Kwa ukali aliwapita wakaguzi wote. Seva inayotaka kujiunga na rele inapaswa kuomba, na msimamizi ndiye anayekubali ao kukataa. Siku moja seva ya watu wapenda paka, sijui ya nchi gani, iliona anwani ya rele ya Karuba na kuomba kuingia. Msimamizi mwingine angebonyeza ndiyo ao hapana. Prefe aliwaandikia kwa Kifaransa cha serikali kwamba ombi lao limepokelewa na litachunguzwa baada ya kuleta barua ya padri wao. Hawakujibu. "Unaona," alisema, "hawana padri."

Na bado mtu huyu aliyefukuza watoto kwa dakika, rele yake mwenyewe ilikataliwa kwa sababu ya saa. Mashini ilipofungwa mara ya kwanza iliuliza iko wapi. Katika majina iliyompa, Prefe alichagua Kinshasa, kwa sababu ndiyo mji mkuu na yeye ni mtumishi wa serikali. Halafu akaona saa ya mashini iko nyuma ya saa ya ukutani kwa saa moja, maana sisi wa mashariki tunatangulia Kinshasa, akairekebisha kwa mkono ifanane na saa yetu ya milimani. Kwa hiyo mashini ikaamini kwamba dunia nzima iko nyuma yake kwa saa moja. Shida ni kwamba kila neno linalotoka kwenye rele linatiwa sahihi pamoja na saa, na seva inayopokea inaangalia saa hiyo kwanza. Seva zetu zikaona barua zimesainiwa kwenye saa ambayo bado haijafika, zikazikataa zote. Siku nyingi hakuna kilichopita. Prefe alituma watu watuambie kwamba sisi ndio tunachelewa. Mwishowe fundi mmoja wa Goma alimwelekeza kwa simu achague Lubumbashi, maana kule na kwetu saa ni moja, kisha aiache saa ijipange yenyewe. Alichagua. Lakini ilimuuma. Dada yake alisema alikula chakula akinung'unika, "Lubumbashi. Mimi sina ndugu Lubumbashi."

Hayo yote yalikuwa ya kuchekesha, na tulicheka, mpaka Mama aliponyamaza.

Mama si mtu wa maneno mengi. Sauti yangu nimeirithi kwake. Lakini alikuwa anaandika. Buleusa hakuna mtandao wa simu. Kituo cha afya kina antena ya satelaiti, na wanaifungua muda mfupi tu adhuhuri, jua likiisha kujaza batri. Mama anasimama kwenye mstari na wengine, anaandika haraka kama anavyopiga sindano, anampisha anayefuata. "Niko muzima. Mutoto asome." Basi. Mimi nilikuwa nasoma kwenye simu ya Koko, nikimsomea kwa sauti anayosikia yeye peke yake, kwa sababu nakaa karibu na sikio lake.

Halafu msimu mmoja wa mvua hakuna kitu. Kutoka Buleusa yalifika maneno machache tu, ya katekista wa kule, ambaye anaanza kila habari kwa kumsifu Yesu na kuwaulizia wote hali, hata akiwa anaulizia mbegu za maharagi. Ya Mama, hapana. Nilimwandikia. Hakujibu. Wapitanjia walikuwa wanasema njia ya Walikale imeharibika, kuna barieri kila kilima na vijana wenye bunduki wanaochagua nani apite. Koko aliacha kula jioni. Kaka akasema atakwenda Buleusa mwenyewe kumtafuta, ataondoka Jumamosi alfajiri.

"Koko, mimi siwezi kukala hapa kama jiwe," alisema. "Nikimupata, ninamuleta. Nisipomupata, nitajua."

Koko hakumkataza. Ila Ijumaa, nilipotoka shule, aliniita.

"Wewe utaenda Karuba. Umuulize ule Prefe kama rele yake iko muzima."

"Kaka aende. Yeye njo iko na pikipiki."

"Kaka yako akiingia kwa ule mutu, watapigana. Atakufikisha tu. Wewe utaongea."

Nilitaka kumwambia kwamba kunituma mimi kuongea na Prefe ni sawa na kumtuma kuku kwa mwewe aombe chumvi. Neno liligeuka, likarudi.

Kaka aliendesha, mitungi mitupu ya maziwa ikigongana pembeni ya magoti yangu. Kufika Karuba alisimama mbele ya nyumba ya fromaje, hakuzima hata injini. Akaangalia mbali, upande wa ng'ombe. "Haraka," akasema.

Prefe alikuwa ndani, anageuza fromaje kwa kitambaa. Nilisimama mlangoni.

"Bonjour, Prefe."

"Sikusikia."

Nikarudia. Akaniacha nirudie tena. Halafu akasema, "Pita."

Nilimwambia Mama haandiki. Nilimwambia Kaka anaondoka kesho. Sijui nilisemaje, najua tu kwamba nilikuwa naiangalia mashini, siyo yeye, na hiyo ilisaidia.

"Rele iko muzima," akasema. "Ni watu ya Buleusa njo hawana heshima. Niliwaambia wote. Niliandika avis, tangazo kabisa."

"Avis gani, Prefe?"

"Ile ya salamu. Kwamba tangu sasa neno yenye kuingia bila salamu, rele haiipitishe. Niliandika kanuni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Mutu anaingia aje kwa nyumba ya watu, anaanza tu: leta chumvi, njia imekufa? Nikaweka salamu zote ndani: bonjour, jambo, mbote, mwaramutse, Yesu asifiwe. Mutu achague. Nimemukataza nini?"

Nilikuwa nayapanga kichwani yale yote niliyosoma tangu mvua zianze. Kila neno lililofika lilikuwa na salamu mbele. Nilidhani watu wamekuwa wema.

"Prefe," nikasema, "sisi ile avis hatukuiona."

"Hamukusoma."

"Mimi nasoma yote."

Aliniangalia miguuni. Kisha akainama kwenye ubao wa chini, akavuta kioo kidogo cha mashini, akavaa miwani, akaanza kupandisha mistari kwa kidole kinachonuka maziwa. Alipandisha muda mrefu, akapita na neno langu mwenyewe la Bihambwe, nalo limekataliwa. Buleusa, imekataliwa. Buleusa, imekataliwa. Buleusa. Akaendelea kupanda mpaka siku ile alipoweka kanuni yake, na pale kwenye mstari wa kwanza kabisa, mbele ya Buleusa yote, neno la kwanza ambalo rele ya Karuba ilikataa kwa kukosa salamu lilitoka Karuba yenyewe. Lilianza hivi: "AVIS KWA WOTE."

Akavua miwani. Nje injini ya Kaka ilikuwa inanguruma.

"Maneno ya Mama iko wapi?" nikauliza.

"Rele haina tumbo." Alisema polepole, na safari hii haukuwa msemo. "Iko kwake. Seva yao, ukiikataa, inarudi kujaribu, inarudi tena. Nikitosha kanuni sasa, kesho antena yao ikifunguka, itajaribu. Adhuhuri."

"Kaka anaondoka alfajiri."

Aliitoa kanuni palepale, mistari michache, akaifuta kama mtu anayefuta ubao wa darasa. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alitoka nje bila kofia, akaenda mpaka kwenye pikipiki, akasimama mbele ya Kaka yangu. Kaka hakugeuza kichwa.

"Kesho," Prefe akasema, "uchelewe."

"Unasema?"

"Uchelewe. Mupaka adhuhuri. Naomba."

Kaka akazima injini. Alimwangalia kwa muda, na nikaona anatafuta matusi yote aliyoyaweka akiba toka alipofukuzwa, na hayamfikii mdomoni. Nikafikiri, kumbe hii inaweza kumpata hata yeye.

"Ng'ombe ana ruhusa," Kaka akasema mwishowe. "Nitachelewa kama ng'ombe."

Jumamosi alikaa mlangoni tangu asubuhi, begi miguuni, akisema kila mara kwamba jua limesimama, kwamba yule mzee ametuchezea tena. Koko alikuwa anachambua maharagi yaliyokwisha kuchambuliwa. Simu ilipolia, ililia mfululizo, kama mtu anayepiga hodi kwa mikono miwili. Maneno yote ya Mama yaliingia pamoja, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. "Juu ya nini hamujibu?" "Niko muzima." "Mutoto iko anasoma?" "Mvua imebeba daraja." Na katikati yao: "Kaka asikuje. Nasema asikuje. Kwa barieri ya pili wanabeba vijana."

Nililisoma lile mara mbili, la pili kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Kaka akalichukua begi akaliingiza ndani. Koko akaomba chakula.

Prefe hakuomba msamaha, kama mnangojea hilo. Adhuhuri ileile, rele ikiwa haina mlango tena, alituma kwa seva zote neno moja: "Bonjour." Hakuna kilichofuata. Nadhani vijiji vyote vitatu vililiangalia bila kujua la kufanya nalo. Halafu kutoka Buleusa Mama akamjibu, haraka kama kawaida yake, maana aliwahi kuja kwenye mikutano ya wazazi na alimfahamu vizuri:

"Pita."

Niandike sasa mara ya mwisho nilipomwona, maana ni juzijuzi.

Shule yetu imefungwa. Familia zilizokimbia kutoka vilima vingine zinalala katika madarasa, na pano za jua zilizokuwa zinalisha seva walipewa wao, wachaji simu na taa. Hakuna aliyelalamika. Ila seva yetu imelala, na kwa rele Bihambwe imekuwa nyumba isiyofungua. Rele ikikuta mlango umefungwa inarudi baadaye, inajaribu tena, mwisho inachoka na kuliacha neno lile lipotee. Hiyo njo kawaida yake.

Tulikuwa ndani, mimi na Koko, tunamenya viazi. Mtu akasimama mlangoni. Viatu vyake vilikuwa na matope mpaka juu, na chini ya kwapa alibeba fromaje moja katika kitambaa. Kutoka Karuba mpaka kwetu kwa miguu si mchezo kwa mtu wa umri wake, na njia hizi tena. Alisimama tu, anapumua.

Koko hakuinua kichwa.

"Ni nani uko pale? Siku hizi watu wanaingia bila salamu?"

Prefe akakohoa. "Bonjour," akasema, kidogo.

"Sikusikia," Koko akasema. "Rudia."

Akarudia. Koko akamwacha arudie tena, namshuhudia Mungu, halafu akamwambia apite. Prefe hakukaa. Aliweka fromaje juu ya meza, akanyoosha mgongo kama mbele ya mistari ya asubuhi.

"Kuko neno kutoka Buleusa. Ilibakia kwa rele, ilijaribu kwenu, ikakuta mumefunga. Leo jioni ingeanguka. Anasema: Nakuja siku ya soko. Njia imefunguka."

Koko aliacha kisu.

"Njo ile tu?"

"Njo ile."

"Hakutusalimia?"

"Hapana."

"Papa, si ungetuongezea ata bonjour mudogo. Umetembea mbali yote ile."

"Rele haiongezi neno," Prefe akasema.

Koko alicheka mpaka akajipangusa macho kwa kitenge, na sidhani kama ilikuwa kicheko tu. Prefe akageuka kuondoka, maana alitaka kufika kwake jua likiwepo. Kwenye kizingiti akasimama, akiangalia miguu yangu.

"Jibu?"

Nilikuwa na mengi. Nilitaka Mama aambiwe kwamba Kaka yuko salama, kwamba Koko anakula, kwamba shule imejaa watu na mimi nasoma nyumbani. Yote yalifika kwenye meno yakageuka. Likabaki moja.

"Akuje," nikasema.

Ilitoka ndogo, ndogo kuliko bonjour zangu zote. Nikangoja aseme.

"Nimesikia," akasema Prefe, akapita.